Niliamka mara tano kila usiku, na sikwenda kupimwa

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji aliyesema kwamba sisi watu wa Lubumbashi tunafika hospitalini tukiwa tumeshachelewa kwa sababu ya uzembe. Neno hilo limenikaa kooni. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari ya binafsi huku Katuba, huu ni mwaka wangu wa 22 ubaoni, na mimi ni mmoja wa hao waliochelewa. Nilichelewa miezi minane. Naomba nafasi katika gazeti lenu nieleze jinsi miezi hiyo ilivyopita.

Ilianza mwezi wa 6 mwaka jana. Wenyeji mnaijua baridi yetu ya mwezi wa 6 na wa 7, mtu anatoka nyumbani alfajiri mvuke unamtoka mdomoni. Nikaanza kuamka usiku kwenda kukojoa. Choo chetu kiko mwisho wa lupango, yaani uwanja wa nyumba, unapita mwembe na kibanda cha makala ndipo ukifikie. Niliamka saa sita, saa saba na nusu, saa tisa, saa kumi, na tena kabla ya saa kumi na moja. Mlango wetu ni wa chuma na unalia ukifunguliwa. Nikitoka, mbwa wa jirani anabweka, mtoto wetu wa mwisho anauliza ni nani, na mke wangu anakaa kitandani akiwa macho mpaka anisikie nimerudi na kufunga komeo, maana usiku wa mtaani kwetu si wa kuamini. Kwa hiyo tulikuwa watu wawili tusiolala. Mwezi wa 8 tuliweka ndoo chumbani. Nina miaka 47 na watoto watano. Sikuwahi kufikiri kwamba nitakuwa na ndoo chumbani.

Nilimwambia mke wangu ni baridi. Baridi ikaisha, joto la mwezi wa 9 likaja, nikaendelea kuamka. Nikasema ni chai ya jioni, nikaiacha chai. Kisha nikasema ni mawazo. Huku kwetu mawazo hubebeshwa kila kitu: asiyelala ana mawazo, anayekonda ana mawazo, anayegombana na watu ana mawazo. Na mawazo sikuyakosa, mwenye watoto wawili chuoni atanielewa. Basi nikaridhika na jibu hilo, kwa sababu ugonjwa wa mawazo hauna maabara ya kuupima wala fishi, ile kadi ya mgonjwa, ya kununua.

Mchana nilikuwa na kiu ambayo sijawahi kuiona. Nilimaliza chupa ya lita moja na nusu kabla ya mapumziko ya saa nne, na ulimi ulikuwa bado umenata. Kuna mama anayeuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, karibu na lango la shule, anauweka kwenye maji ya baridi na kuuongeza sukari kwa wanaopenda. Nilikunywa vikombe vitatu kwa siku, siku nyingine vinne.

Sasa nifike mahali panaponiumiza. Kila mwaka ninachora figo ubaoni. Ninawaeleza watoto kwamba figo huchuja damu, na kwamba sukari iliyochujwa hurudishwa mwilini yote, hakuna inayopotea. Lakini sukari ikizidi kiasi cha miligramu 180 katika desilita moja ya damu, figo hazimudu tena kuirudisha yote. Inayobaki hutoka na mkojo, na ikitoka huvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari hukojoa sana, kisha hushikwa na kiu. Swali hilo niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tano kwenye mtihani wa mwezi wa 12. Karatasi zao nilizisahihisha nyumbani, saa nane mpaka saa kumi usiku, kwa kuwa usingizi haukuwepo. Watoto 38 waliandika jibu sawasawa. Niliwawekea alama zao moja moja kwa kalamu nyekundu, ndoo iko nyuma ya kiti changu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliyeandika kuhusu uzembe, ninakubali kwamba sikukosa elimu. Tangu mwezi wa 10 nilikuwa nakisia ni nini. Lakini siku hizo zote niliamka saa kumi na moja na nusu, nikafundisha vipindi sita au saba, nikasahihisha madaftari. Mzembe hafanyi hivyo. Nilikuwa na hofu.

Kwanza pesa. Mwaka juzi jirani yetu alipeleka mke wake kufanyiwa upasuaji. Mama akapona, lakini alibaki wodini karibu wiki tatu zaidi kwa sababu bili haikumalizika, na kila siku aliyobaki iliongeza bili. Hospitali siitaji, na wasomaji wengi wana hadithi ya namna hiyo katika ukoo wao. Tuliopitisha bahasha nyumba kwa nyumba kumchangia hatukusahau. Tangu hapo, nikifikiri hospitali, nilikuwa ninaona mlango unaojulikana namna ya kuingia tu. Hakuna aliyeweza kuniambia bei. Nikiuliza, jibu ni lile lile: anza na fishi, halafu dokta akishakuona ndipo tutajua. Mwalimu wa shule ya binafsi anayekatwa mshahara kwa kila kipindi alichokosa hawezi kuanza kitu asichojua kinaishia wapi.

Pili, nilikuwa nimekonda. Kilo tisa zilikuwa zimekwisha, na mkanda nilikuwa nimeutoboa kwa msumari mara mbili. Kanisani mtu mmoja alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, akasema "prof, tunakuombea," na nilielewa alichokuwa anafikiri. Niliogopa kwamba wakinitoa damu watakuta ni VVU. Ninaandika hivi waziwazi kwa sababu najua si mimi peke yangu. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto kwamba VVU siku hizi vina dawa na mtu huishi miaka mingi akizimeza, na bado nilikuwa natetemeka.

Mwezi wa 11 nilifanya kosa kubwa zaidi. Nilikwenda famasia ya mtaani nikasema silali. Kijana akachukua mkasi, akakata vidonge vinne vya diazepamu kutoka kwenye karatasi yake, akapokea franka, akahudumia mwingine. Hakuniuliza kwa nini silali. Usiku huo nililala fofofo. Mwili haukuacha kutengeneza mkojo, isipokuwa mimi sikuamka. Saa kumi na moja mke wangu alinigusa begani, godoro lote lilikuwa limelowa. Aliyatoa mashuka, akayafua kabla watoto hawajaamka, akayaanika nyuma ya nyumba. Hatukusema neno. Miaka 23 ya ndoa, ile ndiyo asubuhi tuliyonyamaza kuliko zote.

Watu husema afya mbaya inakunyima usingizi, na ni kweli. Lakini niliyoyaona mimi yanakwenda pia kinyume chake. Kukosa usingizi ndiko kulikoninyima nguvu za kwenda kujitibu. Saa nane za usiku, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, niliapa kila mara: kesho ninakwenda. Niliapa kwa dhati. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito kama kimejazwa mchanga, na haja yangu ilikuwa moja tu, kuifikisha siku jioni. Kiapo cha saa nane za usiku hakikufika hata mara moja saa mbili za asubuhi. Darasani nilianza kusahau maneno ninayoyajua tangu ujana. Nilimfokea msichana mmoja kwa sababu ya rula iliyoanguka mpaka akalia, na msichana huyo ni miongoni mwa wapole kabisa. Baadaye nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Nilisinzia nikisimamia mtihani. Mtu wa namna hiyo umwambie apange siku, aombe ruhusa, atafute pesa, akapange foleni, avumilie maswali! Hana pa kuanzia.

Na sukari yenyewe hupanda mtu asipolala. Binti yangu wa pili anasomea uuguzi, yeye ndiye aliyenieleza. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, waliwaacha vijana 11 wenye afya walale kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku sita mfululizo. Miili yao ikaanza kushindwa kuondoa sukari kwenye damu kama inavyopaswa, na walikuwa vijana wasio na ugonjwa wowote. Usingizi haba huongeza homoni za wasiwasi na kudhoofisha kazi ya insulini. Sukari inaniamsha, kuamka kunapandisha sukari, kiu inanipeleka kwa munkoyo, munkoyo unanirudisha kwenye ndoo. Miezi minane nilizunguka humo.

Lakini si hofu ya pesa wala ya VVU iliyokuwa chini kabisa. Chini kabisa alikuwepo baba yangu.

Baba alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwenye tanuru, pale chini ya bomba refu la moshi ambalo kila mtu wa mji huu analijua. Sisi watoto tulikua tukipelekwa hospitali ya kampuni kwa kadi ya familia. Homa ikikushika usiku, asubuhi mama anakubeba, anaonyesha kadi, basi. Sikumbuki hata mara moja kumsikia mama akiuliza bei. Mwaka 2003, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliacha kazi, na baba alikuwa mmoja wao. Sitaki kurudia mjadala huo, umeshaandikwa sana. Ninachosema ni kwamba ndani ya nyumba yetu desturi ilibadilika. Mama, aliyekuwa wa kwanza kutubeba, akaanza kusema "tungojee kwanza." Homa ingojee siku tatu. Jino lingojee mwisho wa mwezi. Tulizoea kungoja kiasi kwamba tuliona ni uvumilivu, tukajisifia.

Mwaka 2006 baba alianza kulala na mito miwili. Kisha mitatu. Kisha akahamia kwenye kiti sebuleni, akawa analala ameketi, shuka mabegani, kwa sababu akijinyoosha anakohoa na kukosa pumzi. Tulisema ni uzee na moshi wa tanuru. Alikuwa na miaka 59. Miguu ikavimba, tukasema ni kwa kuwa analala ameketi. Alipofikishwa hospitalini mwezi wa 3 mwaka 2007 aliishi siku mbili. Dokta alituuliza swali moja ambalo sijalisahau: "Tangu lini mzee hawezi kulala chali?" Moyo uliochoka haumudu kusukuma damu yote, na mtu akilala chali maji hujaa kwenye mapafu. Ile mito mitatu ilikuwa inatuambia jambo, kila usiku, karibu mwaka mzima, na sisi tulikuwa tunampangia vizuri ili isianguke.

Hivyo, nilipoanza kuamka mimi, nilijua usiku unaweza kusema nini. Sikutaka kusikia.

Kilichonitoa ni jambo dogo. Mwezi wa 2 binti yangu alikuja nyumbani wikendi, akaiona ndoo. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Baba, unaamka mara ngapi?" Nikasema tano. Akauliza, "Na kiu?" Nikanyamaza. Jumapili jioni alimpigia mwenzake anayefanya mafunzo katika kituo kimoja cha afya, akarudi na kipande cha karatasi. Alikuwa ameandika bei: fishi kiasi hiki, kipimo cha sukari kiasi hiki, kumwona dokta kiasi hiki, jumla kiasi hiki. Haikufika dola kumi. Nilikiangalia kile kipande cha karatasi muda mrefu. Baadaye nilipiga hesabu ya vidonge vya usingizi, majani ya kuchemsha, na dawa za nguvu nilizonunua tangu mwezi wa 9. Nilikuwa nimeshatumia zaidi ya mara tatu ya fedha hizo.

Jumatatu asubuhi, kabla sijala kitu, alinipandisha kwenye manseba, pikipiki ya abiria, yeye akapanda nyingine nyuma yetu, kama vile nitatoroka. Sukari yangu ilikuwa 312. Ikiwa hujala, kuanzia 126 dokta huhesabu ni kisukari. Tansio, yaani shinikizo la damu, ilikuwa juu, 15 kwa 9 (wengine huandika 150 kwa 90). VVU hawakuviona. Kisha dokta, mama mmoja mtaratibu sana, aliniambia nivue viatu, nifumbe macho, akanigusa vidole vya miguu kwa uzi mgumu na kuniuliza ni wapi ananigusa. Katika vidole vitatu sikujua kama ananigusa. Akaniuliza kovu la kidole gumba limetoka wapi. Mwezi wa 7 nilikuwa nikiota moto kwenye mbabula, jiko la makaa, mke wangu akasikia harufu ndipo tukaona kidole kinaungua. Nilikuwa nimesema ni kwa sababu ya soksi nene.

Dokta alisema huenda ugonjwa ulikuwepo miaka kabla ya ile baridi, na kwamba mishipa ya fahamu ikishaharibika si yote inayorudi. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linakadiria kwamba katika Afrika zaidi ya nusu ya watu wenye ugonjwa huu hawajawahi kuambiwa kwamba wanao. Na kwa tansio ya juu, Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima zaidi ya bilioni moja wanayo, na karibu nusu yao hawajui. Kuna nyumba nyingi mjini hapa zenye ndoo chumbani au mito mitatu.

Ninameza metformini, dawa ya kushusha sukari, mara mbili kwa siku. Bukari, yaani ugali, nimeipunguza hadi nusu ya nilivyozoea, mboga za sombe na lengalenga zimeongezeka, munkoyo nimeuaga, na mama wa langoni ameshaelewa, ananiwekea maji. Wiki ya nne niliamka mara moja tu. Wiki ya sita nililala tangu saa nne mpaka kengele ya kanisa, na nilipofungua macho nikamkuta mke wangu bado amelala, mdomo wazi kidogo, kama alivyokuwa akilala tulipooana. Nilichelewa kwenda shule siku hiyo kwa kuwa sikutaka kumwamsha ili anipashie maji.

Kwa hayo yote nina maombi, na ninayaelekeza kwa wenye vituo vya afya vya Lubumbashi, vya serikali na vya binafsi. Andikeni bei mlangoni. Fishi, kumwona dokta, kipimo cha sukari, tansio, malaria, mkojo. Ubao na chaki vinatosha, mimi mwenyewe niko tayari kuja kuwaandikia. Jioni moja katika wiki bakini wazi mpaka saa mbili usiku, maana mama wa sokoni na mwalimu hawawezi kuja saa mbili asubuhi bila kupoteza chakula cha siku hiyo. Wenye famasia, mtu akisema halali, muulizeni kwanza anaamka kufanya nini. Na ninyi madokta na wauguzi, mtu akija kwa kikohozi au kwa jino, muulizeni analalaje, analala na mito mingapi, anaamka mara ngapi. Wanaume wa umri wangu hatutasema wenyewe. Wapo wanaoamka usiku kwa sababu ya tezi dume, nao wanangoja kama nilivyongoja mimi, kwa aibu ya kupimwa. Tukiulizwa tutajibu. Mimi nilijibu nilipoulizwa, na aliyeniuliza ni mtoto wangu.

Kwa wakurugenzi wa shule nina moja tu: asubuhi moja ya kupimwa isihesabiwe utoro.

Wetu amekubali. Jumamosi iliyopita, muuguzi mmoja alikuja shuleni na binti yangu na wenzake wawili, wakatupima walimu 14 katika chumba cha walimu, bei ikiwa imeandikwa mlangoni. Watatu wameambiwa waende kituoni bila kukawia. Wawili wamekwenda. Wa tatu, ambaye tumefundisha naye miaka kumi na moja, alisema atakwenda mwisho wa mwezi, akishapata mshahara. Ana macho mekundu, na anasema ni mawazo. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwake na manseba mbili.

Mwalimu wa biolojia,
Katuba, Lubumbashi